Benchi la Moto: Simu ya Kipa Wangu

Katika toleo lililopita, wasomaji wangu, mliniacha nimesimama mlangoni kwangu, nikitazama jeneza la makatoni ambalo mashabiki wangu wapendwa waliliweka kwenye ngazi, jina langu limeandikwa juu yake kwa mkaa: KOCHA BAGALWA. Walisahau tarehe ya kuzaliwa tu.

Mke wangu Domitille hakulia. Alilikatakata jeneza vipande, akawashia mbabula, jiko letu la makaa. Maharage ya siku hiyo yaliivia kwenye jeneza langu, na mimi nikayala.

"Bagalwa," aliniambia, "achana na iyi kazi. Ona vile mukono yako inatetemeka."

"Ni baridi."

"Baridi gani? Infirmière wa hospitali alikuambia tension ya damu iko juu, na weye unaniambia baridi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kufundisha timu ya mpira Goma. Kocha wa timu yetu, Makoro, akisema anaumwa, asubuhi yake kuna mwingine ameshavaa filimbi yake. Tulikuwa tumefungwa mechi tatu mfululizo, na Jumapili ilikuwa derby, mechi ya watani wa jadi. Rais wa timu, Prezida Kataliko, muuza simenti wa Birere, alinieleza kwa upole kabisa kwamba nikishinda nabaki, na nikishindwa nisirudi hata kuchukua koni zangu uwanjani.

Basi Alhamisi tukaingia kambini.

Kwa asiyejua mambo yetu: kabla ya derby, timu inafungiwa mahali pamoja. Sisi tulikuwa kwenye nyumba moja ya wageni huko Himbi. Wachezaji hawaoni wake zao, hawampi mkono mtu wa nje, na simu zao zote zinakaa kwa kocha. Habari mbaya haivuki geti. Hata mtu akifiwa, anaambiwa baada ya filimbi ya mwisho.

Msituone wakatili. Msimu uliopita wapinzani wetu walimpigia simu mshambuliaji wetu asubuhi ya derby, wakalia kwenye simu kama wafiwa kabisa, wakamwambia mama yake amefariki kwao, mjini Sake. Kijana alipanda pikipiki akakimbia. Alimkuta mama yake amekaa nje anamenya viazi. Sisi huku tulipigwa nne. Tangu siku hiyo, kwetu simu ya msiba ni silaha ya adui, na mimi ndiye niliyewekwa kuikinga.

Ijumaa, baada ya mazoezi, simu ya Gradi ikalia ndani ya mfuko wangu.

Gradi ni kipa wetu. Ni mtoto wa mkulima wa Rutshuru, mpole, mikono mirefu, haongei mpaka aulizwe. Timu moja kubwa ya Kinshasa ilikuwa imemtuma mtu aje kumtazama Jumapili hiyo hiyo. Kwa ufupi, Gradi alikuwa ndiye timu yangu yote.

"Allo, Gradi?"

"Hapana, ni kocha wake. Niko nasema na nani?"

"Njo miye Léopold, baba mudogo wake, niko Rutshuru. Kocha, umupe mutoto telefone. Papa yake anagonjwa sana. Anamuita."

Nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilicheka kwa sauti.

"Papa, mwaka jana mulisema mama ya mutu amekufa. Leo ni papa anagonjwa tu. Munashusha bei?"

Yeye hakucheka.

"Kocha, siyue ile unasema. Kaka yangu iko anakata roho. Anataka kuona mutoto yake, basi."

"Musalimie kapiteni wenu," nikasema, nikakata.

Gradi alikuwa upande wa pili wa uwanja, anavua glavu. Aliniona na simu mkononi.

"Kocha, kuko mutu ananitafuta?"

"Hapana. Ni bale ba kubipa na kukata tu."

Nilimpigia Prezida nikamsimulia. Alifurahi sana.

"Ulifanya muzuri. Banatuogopa, njo maana. Sasa zima iyo telefone."

Sikuizima. Kama kweli nilikuwa na hakika kwamba ni waongo, kwa nini sikuizima? Nimejiuliza hivyo mara nyingi tangu siku ile, na jibu silipendi.

Jumamosi adhuhuri wachezaji walikuwa ndani wanakula. Mimi nilikuwa uani peke yangu, chakula kilikuwa hakipiti. Nje ya geti mashabiki walishaanza kupiga ngoma, na wengine walikuwa wamepanda juu ya ukuta kutuchungulia. Gari la Prezida likawa linaingia. Wakati huo huo simu ya Gradi ikalia tena.

Niliipokea nikiwa tayari kutukana.

"Gradi," sauti ikasema.

Haikuwa ya Léopold. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni.

"Gradi, mutoto yangu. Ni weye?"

Hakuna mwigizaji anayeweza kupumua vile. Nilijua pale pale kwamba huyu ni mzee Onésime mwenyewe, baba yake Gradi, na kwamba tangu jana alikuwa analala akimngoja mtu niliyemfungia.

Gradi alikuwa nyuma ya mlango, anakula ugali. Ningeita jina lake tu, angesikia.

Sikuita. Niliwaza derby. Niliwaza mtu wa Kinshasa, wale vijana juu ya ukuta, na Domitille akikatakata makatoni. Na mzee alikuwa anasubiri, anapumua.

"Ndiyo, papa," nikasema.

Ndugu msomaji, hapa kalamu inataka kunikimbia, lakini nitaishika.

Mzee akaanza kuongea. Aliongea taratibu, na mara kwa mara ananyamaza kutafuta pumzi. Kila aliponyamaza, nilisema ndiyo, papa. Sikuwa nasikiliza. Prezida alikuwa ameshuka garini, ananiita kwa mkono, anapiga kelele kwamba mashabiki wanavunja geti na mimi niko nachezea telefone. Jicho langu lilikuwa kwake, sikio langu lilikuwa kwa mzee, na akili haikuwa kwa yeyote kati yao.

Mwishoni mzee akauliza kitu. Nilijua ni swali kwa namna alivyosubiri.

Prezida alikuwa ameshanifikia.

"Ndiyo, papa," nikasema haraka. "Nakubali."

Upande wa pili nikasikia watu wengi wakishusha pumzi kwa pamoja. Halafu mwanamke akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Simu ikakatika.

"Ni nani ule?" Prezida akauliza.

"Papa ya Gradi. Prezida, ni kweli. Muzee anakufa, nimemusikia na masikio yangu. Minaomba tumuachilie mutoto aende leo. Kesho gardien wa pili atasimama kwenye goli."

"Gardien wa pili? Ule anashikaka mpira kama sabuni?"

"Prezida, ni papa yake."

Akanishika bega. Prezida Kataliko hapigi kelele anapokasirika, anashusha sauti.

"Kocha, miye naheshimia bazee. Kesho kisha match natoa gari yangu, siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, munaenda na yeye mupaka Rutshuru, na chauffeur wa kuendesha, na essence ya kujaza tanki. Lakini mutoto akitoka hapa leo, weye unatoka mbele yake. Na bale ba kwenye ukuta, miye sitabazuia."

Niliutazama ukuta. Kijana mmoja alikuwa ananitazama pia, anatabasamu. Alinipungia mkono kwa heshima, na mimi, mpumbavu, nikampungia.

"Sawa, Prezida," nikasema.

Gradi alitoka na sahani iliyofunikwa.

"Kocha, haukule. Nilikuwekea nyama."

"Asante, mwanangu."

Hakuondoka. Alisimama, anakwaruza chini kwa kidole cha mguu.

"Kocha, kisha match naomba ruhusa niende kuona papa. Wakati ya mvua kifua inamusumbuaka. Nilimununulia koti moja muzito pale Birere, nataka nimupelekee."

"Ndiyo," nikamjibu. Siku zile neno hilo lilikuwa jepesi mdomoni mwangu kuliko mate.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye matawi. Sitawachosha na mchezo. Nusu ya kwanza iliisha bila bao, na nikiwa njiani kwenda chumba cha kubadilishia nguo nikahisi simu inatikisika mfukoni. Ilikuwa ni ujumbe wa Léopold:

"Muzee ametuacha. Ameenda na amani. Asante juu ya neno ulimupatia. Ukuye tumuzike."

Neno gani? Sikuelewa. Nilisoma tena, bado sikuelewa. Wachezaji walikuwa wamekaa wananingoja niseme kitu. Nilifungua mdomo nikasahau jina la beki wangu mwenyewe, kijana ninayemfundisha mwaka wa tatu.

"Kocha," Gradi akauliza, "uko muzuri?"

"Niko muzuri. Mucheze vile munacheza."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ile. Basi Mungu ana mzaha wake: tukapata bao. Dakika za mwisho wapinzani wakapewa penalti, na Gradi akairukia, akaitoa kwa ncha za vidole. Uwanja ukalipuka. Mtu wa Kinshasa alikuja kunishika mkono akaniambia, "Ule gardien ni wetu. Mwezi unakuya tunamungojea."

Mashabiki wakaninyanyua mabegani. Hao hao wa jeneza. Waliimba jina langu, na mimi huku juu nililia machozi, wakadhani ni ya furaha.

Chumbani nilimvuta Gradi pembeni. Nilikuwa nimekusudia kumwambia yote. Nikamtazama, uso wake wote unacheka, bado ana udongo shavuni.

"Papa yako anagonjwa," nikasema. "Kesho asubuhi tunaenda kumuona na gari ya Prezida."

"Na gari ya Prezida?" akasema. "Atafurahi sana, muzee."

Jumatatu mapema tukaondoka. Gradi alikaa nyuma na koti lake mapajani, limekunjwa vizuri, bado kwenye plastiki ya dukani. Alikuwa anamweleza dereva jinsi alivyojua mpigaji atapiga kushoto. Nilimwacha aongee. Tulipofika Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, nikaona nisipomwambia sasa, ataambiwa na vilio vya barabarani.

"Gradi. Papa yako amekufa."

Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Gradi hakulia. Alilitazama koti.

"Siku gani?"

"Jana."

"Match ilikuwa imeisha?"

"Hapana."

"Ulijua?"

"Mi-temps. Nilijua wakati ya mapumziko."

Huo ulikuwa ukweli, mnaona? Ni vile tu Ijumaa na Jumamosi nilizimeza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya kutoka Kanyaruchinya mpaka Rutshuru haikuwa fupi hata kidogo. Kila kizuizi cha barabarani tuliposimamishwa nilitamani waturudishe Goma, na kila kizuizi walitupungia mkono tupite.

Baada ya Rugari ndipo Gradi aliposema tena.

"Kwa hiyo hakuniita?"

"Nani?"

"Papa. Ule muzee hawezi kufa bila kuniita. Haiwezekane."

Niligeuka dirishani. 

Nyumbani kwao watu walikuwa wamejaa ua mzima mpaka kwenye migomba. Jeneza lilikuwa nje, la mbao za kweli, na wanaume waliochimba kaburi walikuwa wamesimama na majembe yao yenye udongo mbichi. Walikuwa wanamngoja mtoto mkubwa tu. Gradi alishuka, na vilio vikapanda. Alienda moja kwa moja kwa jeneza akalaza koti juu yake. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na sikuwa na haki hiyo.

Mzee mmoja alikuja kunishika mikono yote miwili. Ilikuwa sauti ile ya Ijumaa.

"Kocha, njo miye Léopold. Asante. Ulinikatia telefone, nilikasirika. Lakini kesho yake ulimupa mutoto telefone asemeshe papa yake. Mungu akubariki."

Niliinamisha kichwa. Alidhani ni unyenyekevu.

Sasa, kwao kuna desturi. Kabla mwili haujatoka uani, maneno ya mwisho ya marehemu yanasemwa mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kuyakana baadaye. Anayeyakana, wanasema, marehemu humrudia. Léopold akasimama karibu na jeneza, akainua mkono, vilio vikatulia.

"Bandugu, siku ya posho, Jumamosi, kaka yangu alituita sote. Tuliweka sauti ya telefone nguvu, kila mutu asikie. Alimubariki mutoto yake. Kisha akamuuliza: Gradi, utaacha iyo mpira? Utarudia hapa, ushike nyumba yangu, ulinde mama yako na badogo yako, ulime mashamba yangu, usitoke tena? Na Gradi alijibu nini?"

Ua mzima ukajibu kwa pamoja, kama misani:

"Ndiyo, papa. Nakubali."

 Maneno yangu yalitoka kwenye vinywa vya watu wote wale, wazee kwa watoto, na sikuwa nimewahi kuyasikia mpaka hapo.

Léopold akamgeukia Gradi. "Papa yako alifunga macho juu ya ile neno. Kuanzia leo, iyi nyumba ni yako. Goma imeisha."

Gradi alipangusa uso. Alitazama watu, kisha baba yake mdogo.

"Baba mudogo, miye sikusema na papa."

Watu wakaguna.

"Gradi, usianze," Léopold akasema polepole. "Usianze ivo mbele yake."

"Sikusema naye. Naapa. Telefone yangu haikuwa na miye."

Nikamwona anakoma. Nikamwona anafikiri. Halafu akageuka, na macho yake yakanitafuta katikati ya watu mpaka yakanipata.

Nikinyamaza, mtoto huyu anafungwa maisha yake yote na neno ambalo hakulisema, au anaitwa mtu aliyemkana baba yake juu ya jeneza. Nikisema, mzee Onésime anazikwa akiwa amedanganywa, na wenye majembe watajua ni nani aliyemdanganya. Nilitafuta dereva. Alikuwa amesimama mbali, kando ya gari, kofia mkononi.

Mjane akainuka kwenye mkeka. Mama Apolline, mama yake Gradi, mwanamke mdogo wa mwili, amefungwa kitambaa cheupe kichwani. Watu walimpisha. Hakwenda kwa mwanawe, alikuja kwangu. Alisimama karibu hata nikasikia harufu ya moshi kwenye kitenge chake.

"Papa kocha," akasema, bila hasira yoyote. "Miye njo nilishikia bwana yangu telefone karibu na kinywa. Ile sauti siwezi kuisahau. Naomba useme 'Ndiyo, papa, nakubali.' Sema tu, nisikie."

Wanaume wenye majembe wakasogea.

"Sema, Kocha," Gradi akaniambia.